Pembe Zako Nimeachiwa Mimi

Dada Leokadia,

Nakuandikia nikiwa kibandani, saa saba mchana, siku ya gulio. Wewe unaijua saa saba ya gulio letu hapa Nyakakika. Wenye ng'ombe wameshauza au wameshakata tamaa, wote wana njaa, na sisi tulikuwa hatupati hata nafasi ya kujikuna. Leo nimejikuna, nimepanga vijiko kwa urefu wake, na bado nimebaki na muda wa kuandika barua. Ukiona mama lishe anaandika barua saa saba ya gulio, ujue kuna jambo.

Sijui ninyi mliotangulia mnapelekewa barua kwa njia gani. Najua ningetakiwa kusali, na ninasali, ila sala zangu zinakatika nikifika kwenye jina lako. Kwenye karatasi, nikikatika, angalau naona nilipoishia.

Nianze na ya nyumbani kwako. Kibanja kimepaliliwa, kahawa imechumwa. Kitindamimba wako ameota meno ya mbele na sasa anacheka mbele za watu. Shemeji Tadeo amejifunza kupika. Sisemi anapika vizuri, nasema amejifunza. Ndizi zake zinatoka na rangi ambayo mimi, katika miaka yote ya kumenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, sijawahi kuiona. Watoto wanakula. Wana njaa na wana heshima.

Sasa yangu. Haya ni marefu, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka macho yako yalipoanza kuwa ya njano. Wakasema nyongo, ukanywa majani machungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Tumbo lilipoanza kujaa maji wakasema umerogwa na mwenye kibanda cha jirani, yaani Ma Byera, naye akaapa kwa sauti kwamba angekuwa anajua kuroga angeanza na mume wake. Siku uliyotoka hospitali uliniita pembeni. "Jovi," ukaniambia, "wamesema ini. Mimi ini ninalolijua ni la kukaanga." Tukacheka. Nilicheka huku nakuangalia shingo ilivyokonda.

Matanga hayajaisha, neno likawa limeshafika sokoni: Leokadia amekufa kwa homa ya ini, ile ya kuambukiza. Nani alilitoa hospitali sijui. Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu na sikusema kitu, na hilo nakiri. Wanawake watano, wote uliowafundisha kuwasha kuni mbichi, walichimba shimo nyuma ya soko wakazika sahani zako. Zile za maua ya bluu. Vikombe wakavivunja kwanza, ili visije vikafukuliwa na mtu asiyejua. Benchi lako likachomwa moto, na kwa kuwa lilikuwa la mkaratusi liliwaka vizuri, mmoja akasema tungeweka na maharage.

Ila pembe zako hawakuzizika. Zile pembe tatu za ng'ombe, zimefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na nta na wembe, zilikuwa zinaning'inia kwenye nguzo. Wakasimama wakaziangalia. Ma Byera ndiye aliyesema: "Hizo ni dawa. Dawa haizikwi." Wakageuka wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakushikia vitu. Nikakabidhiwa. Walipiga na makofi.

Dada, nimekaa na jambo hili mpaka naliona kama kichekesho, halafu linaacha kuwa kichekesho. Walizika sahani, wakabakiza wembe.

Mimi pia nilipiga makofi. Ningejuaje? Kulumika, kutoa damu kwa pembe, ndiyo ilikuwa sherehe yetu. Gulio likiisha, masufuria yameoshwa, tunatundika kanga nyuma ya kibanda chako, tunakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, migongo wazi. Mgongo wa mama lishe ni mgongo wa punda, na wewe ndiye uliyekuwa unaujali. Unachanja vidogo vidogo kwa wembe, unaweka pembe, unavuta hewa kwa mdomo kwenye ncha, unaziba na nta. Damu inajaa taratibu. "Hiyo ndiyo iliyokuwa inakuuma," unasema, na kweli maumivu yanapungua, au tunaona aibu kusema hayajapungua. Wembe unauchovya kwenye glasi ya maji moto, unaufuta, mgongo unaofuata. Ulikuwa msafi. Nataka hili liandikwe mahali. Hukumgusa mtu kabla hujanawa, na hukupokea kitu kwa mtu yeyote. Wembe mmoja na maji moto, migongo sita na wako wa saba, kila gulio, miaka.

Basi, baada ya kukuzika, bwana afya akapita sokoni na kalamu yake. Akatazama aproni, akatazama kucha, akasema kila mpika chakula aende zahanati akapimwe, cheti chake kimekwisha muda. Tukaenda. Wenzangu walipimwa ya kawaida, yale ya tumbo na kikohozi. Mimi nilikuwa nimesoma kipande cha gazeti. Unanijua, nafungia maandazi kwa magazeti na siwezi kufunga andazi kabla sijasoma. Kipande kile kilizungumzia ini na damu, halafu mahali penye maelezo palikuwa pameliwa na mafuta. Nikamwambia muuguzi: nipime na lile la ini. Akaniangalia kama mtu aliyeagiza samaki kwenye duka la vitabu.

Nilikaa sana kwenye kiti. Aliporudi akafunga mlango, na mimi nikajua, kwa sababu kwa walio wazima mlango haufungwi.

"Mama, una virusi vya homa ya ini. Aina ya B."

Nikamwambia nilikuwa nakula sahani moja na marehemu. Akasema ugonjwa huu hauenezwi kwa sahani, wala kwa chakula, wala kwa kushikana mikono. Ni damu. Ni mume na mke. Ni mama kumpa mtoto anapozaliwa. Akaniuliza: "Mmewahi kuchangia wembe?"

Nilicheka, dada. Alidhani nimepatwa na wazimu.

Alinieleza vizuri, yule binti. Kwamba wengine hukaa navyo miaka bila kuumwa, kwamba nirudi kila baada ya miezi kadhaa waliangalie ini, kwamba dawa zipo likianza kuharibika. Na kwamba kupika naruhusiwa. Akaugonga muhuri kwenye cheti changu mbele ya macho yangu. Kwa hiyo mimi ni mpishi halali kabisa. Tatizo ni kwamba sokoni kwetu hakuna anayesoma muhuri.

Nikarudi na cheti mkononi, na lile jingine moyoni. Gulio lililofuata, saa kumi na moja jioni, kanga ikatundikwa. Ndoo zikapinduliwa. "Jovina, leta pembe."

Hapo ndipo niliponasa, na mpaka leo sijanasuka.

Nikasema mkono unauma. Gulio la pili nikasema niko kwenye siku zangu na pembe hazitaki. Hiyo niliitunga palepale, wakaikubali wote kama wameisikia kwa bibi zao. Gulio la tatu nilisahau pembe nyumbani. La nne nta ilikuwa imeliwa na panya. Ma Byera akashika kiuno: "Waitu, Jovina wetu, wewe umerithi pembe au umerithi visingizio?" Wakacheka. Nikacheka nao, nikaenda nyuma ya kibanda nikaegemea ukuta.

Nilifikiri kila upande. Kuzitupa pembe? Wangepata nyingine. Hapa kwetu ng'ombe ni wengi kuliko watu, na kila ng'ombe anatembea na mbili. Kuwaambia wembe una hatari? Wangeuliza nimejuaje. Kuwaambia nimejuaje? Niliona shimo la sahani zako, udongo ulikuwa bado haujashuka. Nina watoto watatu na kibanda kimoja. Na tuseme ningekubali hayo yote. Bado ulikuwepo wewe. Kila gulio lazima mmoja aseme, akijinyoosha mgongo, "mikono ya Leokadia, mawe, mama yangu, haitapatikana tena." Ningewaambia nini? Kwamba mikono ile ndiyo ilikuwa inazungusha ugonjwa, mgongo hadi mgongo, kwa huruma, bila malipo?

Nikanyamaza. Ningenyamaza mpaka leo kama si Asimwe.

Asimwe ulimwacha amechumbiwa. Sasa ameolewa na ana mimba. Kwa wakati huo ilikuwa miezi saba, mgongo unamuuma mpaka anakaanga vitumbua akiwa amepiga magoti. Nawe ulimlumika, dada, si mara moja. Nilirudi kwa muuguzi nikajifanya nauliza ya jirani. Mama mjamzito akiwa na ugonjwa huu, inakuwaje? Akasema akijulikana kabla, anajifungulia hospitali, mtoto anachomwa chanjo mapema baada ya kuzaliwa, na wengi wanakingika. Asipojulikana, mtoto anaanza maisha na ugonjwa ambao hatauona mpaka awe mtu mzima. Nikamwambia Asimwe nenda kapimwe ini. Akasema kliniki wameshampima kila kitu. Nikamwambia waombe na hilo. "Dada Jovina, kwa nini unaniombea magonjwa?"

Halafu likaja lile gulio. Nilikuwa nasugua sufuria la utumbo, nimeinama, nikasikia kanga inatundikwa. Nikatulia, nikijua pembe ziko nyumbani chini ya kitanda. Nikainua macho. Ma Byera alikuwa amekaa kwenye ndoo, kifurushi chako kiko mapajani. Alikuwa amepita kwangu mchana, akamwambia mama mkwe wangu kwamba nimemtuma. Mama mkwe akampa, na ndizi za kusindikizia.

"Mwenye pembe hataki kazi," akasema, "basi kazi tutaifanya wengine."

Asimwe alikuwa ameshavua blauzi. Amekaa amewapa mgongo, tumbo liko katikati ya magoti. Nikaona chale zako za zamani, mistari midogo iliyonyooka, ulikuwa na mkono mzuri. Ma Byera akachovya wembe kwenye glasi ya maji moto. Ule ule wembe wako.

"Acha," nikasema.

"Unaona wivu?"

"Weka chini, Ma Byera."

"Mtoto wa watu mgongo unamuuma, wewe unaleta maneno ya urithi!"

"Mimi ninao."

"Una nini?"

"Ule wa Leokadia. Wa ini. Nimepimwa. Na huo wembe umepita mgongoni kwangu."

Kijiko kilikuwa mkononi mwa mtu, kikabaki hewani. Asimwe akavuta blauzi akajifunika kifuani, taratibu, kama aliyegundua kuna wanaume.

Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikawaambia si sahani, ni damu. Nikawaambia maji moto ya glasi hayatoshi. Nikawaambia nendeni mkapimwe wote, na Asimwe wa kwanza. Sikukutaja. Nilisema tu wembe.

Ma Byera ndiye aliyeanza kupiga hesabu. Nilimwona midomo ikicheza. "Wewe ulikuwa unaanza," akasema. Kweli. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekushikia vitu, ulikuwa unanilumika kwanza ili nikakusaidie kwa wengine. "Siku zote ulikuwa unaanza wewe. Sisi katikati. Leokadia wa mwisho, na wewe ndiye uliyemlumika."

Nikaona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Ni wewe uliyemuua."

Dada, maneno nilikuwa nayo. Ningewaambia kwamba ulikuwa unalumika watu kabla mimi sijaja sokoni, kwamba ulikuwa unavuta pembe za watu wote kwa mdomo wako, kwamba damu za Nyakakika nzima zimepita mbele ya meno yako. Ningeweza kusema: huenda ni yeye aliyetupa sisi. Yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamwangalia yule mwanamke aliyepinda kwa miaka chini ya masufuria, machozi yanamtoka kwa ajili yako, nikayameza.

Wembe niliuchukua mimi, na pembe zako tatu. Nimezitumbukiza chooni. Nisamehe. Sikujua mahali pengine pa kina cha kutosha.

Asubuhi yake Asimwe akaja mlangoni. Hakunisalimia. Alisema, "Nipeleke." Hakutaka tupande bodaboda moja, tukachukua mbili, yake mbele, yangu nyuma, nikameza vumbi lake mpaka tukafika. Kwenye benchi la kusubiri aliacha nafasi ya watu wawili kati yetu. Alipoitwa, alinyoosha mkono bila kuniangalia, nikamshikia mkoba.

Anao.

Muuguzi ameandika kwenye kadi yake ya kliniki, kwa kalamu nyekundu, ajifungulie hospitali na mtoto achomwe mapema. Amemwandikia arudi apimwe zaidi. Asimwe aliisoma kadi njia nzima kama vile maandishi yangeweza kubadilika. Miezi miwili zaidi, dada, kama ningeendelea na hadithi za panya na nta, angejifungua akiwa amepiga magoti kwenye vitumbua vyake na hakuna ambaye angejua.

Ma Byera naye alipima. Hana. Ametangaza soko zima, na amechomwa chanjo, na ametangaza na chanjo. Wengine wawili wamekwenda, hawasemi. Mmoja amekataa, anasema asiyepima haumwi.

Kwangu sahani hazijazikwa kwa sababu niliwahi kuzibeba nyumbani. Benchi langu lipo, ila halina watu. Wanapita, wananisalimia kwa mbali sana, kwa adabu, kama unavyosalimia nyumba yenye msiba. Cheti changu nimekibandika kwenye nguzo, muhuri umeangalia nje. Anakuja mzee mmoja mchunga ng'ombe, anakula kila gulio. Anasema ameshaumwa na nyoka mara mbili, ndizi hazimtishi. Anakuja na sahani yake, lakini anakuja.

Kuondoka siwezi. Ningeenda wapi? Kwetu Nyakatuntu habari imeshafika kabla yangu. Kubaki ni kukaa hapa nikitazamwa kama mtu aliyeua rafiki yake. Kusema ninachokijua ni kukufukua. Kila nikigeuka nagonga ukuta, na kuta hizo zina majina ya watu ninaowapenda.

Shemeji Tadeo alikuja juzi. Alisimama hapo ulipokuwa unasimama, kofia mkononi. Akaniuliza, "Ni kweli wanayosema?" Nilimwangalia yule mtu aliyekuogesha kwa miezi mitano. Nikamwambia: "Shemeji, nenda ukapime, wewe na watoto. Ukirudi ndipo unichukie." Akavaa kofia akaondoka bila kuaga. Lakini amekwenda, dada. Nimesikia amewapeleka wote, hata wa meno mapya. Majibu hajaniambia, na sina haki ya kuuliza.

Sasa nafika kwenye lile nililoliandikia barua hii yote.

Nilimuuliza muuguzi: mnaweza kupima mkajua nani alimpa nani? Akasema kwa kipimo chao, hapana. Inawezekana mmoja wetu alizaliwa nao, kwa mama yake, akakaa nao maisha yote bila kujua. Huenda ni wewe. Huenda ni mimi.

Kama ni wewe uliyenipa, sina neno nawe. Ulikuwa unanitoa maumivu, na uliyatoa. Na kama ni mimi niliyekupa... Sentensi hii nimeiandika mara tatu nikaikata. Kama ni mimi, basi siku ile ya mwisho, nilipokugeuza nikakukanda mgongo kwa maji ya moto ukaniambia, "Asante, Jovi, wewe una mkono," ulikuwa unamshukuru nani? Mbele ya watu sikujitetea, wakadhani nimekiri. Mimi mwenyewe sijui kama sikukiri.

Nakuaga hapa, dada, mzee wa ng'ombe ananijia na sahani yake. Nakuahidi Asimwe akishikwa na uchungu nitakuwa njiani naye mpaka mlango wa wodi. Akinifukuza, nitatembea nyuma. Sitarudi nyumbani kabla sijasikia kwa masikio yangu kwamba mtoto amechomwa. Na mimi nitakwenda kupimwa kila nikiitwa, kwa sababu lazima mmoja wetu abaki kuona yule mtoto akikua.

Pumzika, Leokadia. Huku bado wanasema mikono yako haitapatikana tena, na mimi sitawasahihisha.

Mdogo wako,
Jovina